Taja Anayekungoja

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa baba yako.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mwanangu Kibonge,

Pokea salamu za shangazi yako. U hali gani huko kwenye baridi? Unakula? Usinijibu "namshukuru Mungu" tu, nauliza chakula hasa, maana kwenye picha yako ya mwisho shingo ilikuwa inaelea ndani ya kola. Mimi magoti yananisumbua, lakini mdomo, kama ujuavyo, haujawahi kuugua.

Nilipokupigia kukwambia baba yako ametutoka, ulikata simu. Tangu hapo hupatikani. Sikukasirika. Muongo mimi, nilikasirika sana, nikakutukana peke yangu jikoni mpaka maziwa yakamwagika. Sasa hasira zimekwisha, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Tulimzika Alhamisi. Madaktari wenzake walikuja wawili tu. Wale waliomcheka miaka yote wakimwita Daktari wa Mateja, kwa kuwatibu watumiaji wa unga wa kulevya, hata pole hawakuleta. Wagonjwa wake ndio waliokuja kwa wingi, wamefua mashati, wakasimama nyuma kabisa karibu na ukuta. Jirani yetu mshonaji alikuwa amekumbatia mkoba wake kama kichanga. Nikamwambia, mama, leo wamekuja kulia, hawakuja kuiba. Akanuna. Na anune!

Wewe ulimjua baba wa nyumbani, mkali, anayerudi amechoka na hataki kuulizwa. Mimi nilifanya usafi kule kliniki kwake, nikamwona mwingine. Kila asubuhi, iwe sikukuu au mvua, alifungua mwenyewe kidirisha cha kutolea dawa. Alisema arosto, yale maumivu ya kukosa unga, haijui Jumapili. Mgonjwa anapewa kikombe cha dawa ya maji, anaimeza mbele yake. Wapo wanaoificha mdomoni wakaiuze nje, kwa hiyo lazima useme neno ndipo uondoke. Kwingine husema lolote. Baba yako alikuwa na lake: "Taja anayekungoja." Huyu atasema mama, yule mke wangu. Mmoja asiye na mtu alimtaja paka wake. Baba yako hakucheka. Alimwambia, basi msalimie.

Wengi waliponyoka mikononi mwake, wakafa. Siku akitoka mochwari alikuwa ananawa pale bombani muda mrefu, na chakula hakigusi.

Najua kidonda chako. Ulipoingia kwenye unga ulimwomba akutibu, akakataa, akataka uende kwa daktari mwingine mji wa pili. Ukasimama mlangoni ukamwambia, "Unatibu watoto wa watu, wako unamtupa." Ukaondoka. Yeye alishikilia kwamba daktari hatibu damu yake, mkono utatetemeka. Kwa udaktari labda alikuwa sahihi. Kwa ubaba alikosea, na nilimwambia usoni.

Kiharusi kilimwangusha palepale kidirishani. Upande mmoja ukafa na koo likawa zito. Muuguzi wake wa kliniki akawa anakuja hapa kunifundisha kumnywesha maji kwa kijiko: ameze, kisha aseme neno, tujue hayajapita njia ya hewa. Kila akimeza alisema "Kibonge." Kijiko, Kibonge. Kijiko, Kibonge. Nikadhani akili imehama. Nikawa namkatiza, tulia kaka, Kibonge yuko mbali, kunywa maji. Siku moja muuguzi akaweka kijiko chini, akatoka. Nikamfuata, nikamkuta uani analia.

"Mama," akaniambia, "umesahau alichokuwa anawauliza pale dirishani?"

Nilikaa chini, mwanangu. Kumbe kaka yangu alikuwa anamtaja anayemngoja. Aliamini kuna mahali umekaa unamngoja aje kukuchukua, naye hajafika. Mpaka kijiko cha mwisho aliamini hivyo. Hakufika, na inaniuma kukuandikia.

Sikwambii uje. Kaburi halikimbii. Na usinidanganye kwamba umeacha unga, binamu yako fundi umeme alikuona huko, akarudi hawezi kusimulia. Nakuomba kitu kimoja: tafuta kidirisha cha huko uliko. Najua vipo. Panga foleni na wenzako, usione haya, baba yako hakuwahi kuwaonea haya. Tumebaki wachache, na mimi sina nguvu ya kuzika tena.

Dada yako na wanawe wanakusalimu. Muuguzi pia, na bado anafungua kidirisha, ingawa daktari wa kushika nafasi ile hajapatikana. Mungu akufunike, akulinde na mkono wako mwenyewe.

Na ukishameza, hata kama huko hawaulizi, nitaje mimi.

Wako akupendaye, akungojaye,
Shangazi