Jirani wa Chini Angepiga Kelele

Kisiwani, Same
14 Agosti 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umekuacha upumue kidogo, na Mama amemaliza kuvuna maharage. Sisi huku ni wazima, ila joto la Kisiwani halina adabu. Wajukuu zako wanakuamkia.

Baba, nina habari ya kukufanya uvae koti la Jumapili. Siku hizi za ruksa, kila mtu na biashara yake, hata hapa kwetu kuna banda la video. Mwenyewe anaitwa Rogers. Alirudi kutoka Arusha na kanda moja, akatangaza kuwa wale Wamarekani hawakufika mwezini hata kidogo, ni maigizo yaliyopigwa picha jangwani. Basi! Wiki ile ile darasa la sita, niliokuwa nimewafundisha safari hiyo ya mwezini, wakaniambia nawadanganya. Wazazi nao wakaja juu, mkutano ukaitishwa, nikatakiwa nisimame mbele yao nilifute somo langu. Nisipolifuta, walisema, wataomba nihamishwe.

Mkutanoni nilisimama. Rogers akauliza ni nani pale aliyeona kwa macho yake, na watu wakaangua kicheko. Ndipo nikaikumbuka ndiva yetu ya Suji, lile bwawa tunalogawana maji kwa zamu. Wengi mkutanoni ni Wapare wenzetu walioshuka kutoka milimani kutafuta mashamba, kwa hiyo nikawauliza: mtu akiiba maji ya zamu, nani hujua kwanza? Wakajibu kwa sauti moja kwamba ni jirani wa chini, maana macho yake hayabanduki mferejini.

Nikawaambia kuwa Mrusi ndiye alikuwa jirani wa chini. Alikuwa akishindana na Mmarekani kwenda huko huko mwezini, na mitambo yake ilisikiliza kila kitu. Angenusa hata harufu ya wizi, angepiga kelele dunia nzima isilale. Mbona alinyamaza?

Mzee Aminieli, aliyegawa maji miaka mingi huko milimani, akaguna, akasema jirani wa chini hanyamazi bure. Somo limebaki, nami nimebaki. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikajisemea kuwa mimi kweli ni mtoto wa Mwalimu Eliufoo.

Lakini kuna neno limenikaa kooni tangu mwaka 1969. Unakumbuka ule msaragambo, kijiji kizima kikizoa tope la ndiva, ukawasimulia watu tuliyoyasikia redioni asubuhi, kwamba binadamu ametembea mwezini? Walikucheka mpaka wakaweka majembe chini. Ukasema waniulize mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekaa nawe. Nikasema sikusikia kitu.

Nilisikia, Baba. Nilisikia kila neno. Niliogopa kuchekwa, nikakuacha umesimama peke yako kwenye tope, wakakuita Mwalimu Mwezi mpaka ulipostaafu. Wala hukunigombeza hata siku moja. Nisamehe.

Juzi, kabla mkutano haujafungwa, nilisimama tena bila kuulizwa. Niliwaambia kuwa asubuhi ile nilikuwa na miaka kumi, nimekaa karibu na redio na baba yangu, na alichowaambia watu wa Suji ndicho tulichosikia. Nimechelewa miaka ishirini na minne, lakini nimesema mbele za watu.

Mpe Mama pole ya shamba, na shangazi Dorkas mwambie sijamsahau. Mungu akutunze.

Ni mimi binti yako, niliyesikia,
Eliakunda Eliufoo