Jicho la Samaki

Shikamoo Bibi,

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: mkubwa akinituma jambo nisilolitaka, mimi huitikia "ndiyo" kisha huenda kulia chooni. Hata uliponiagiza kajiwe ka kutoka kwenye hija hii, ka kuweka kwenye msingi wa kanisa letu jipya hapo Chamazi, niliitikia hivyo hivyo.

Leo tumetembelea magofu ya kanisa la Wakristo wa mwanzo, huku Uturuki. Jua linawaka lakini upepo ni baridi. Sakafuni kuna samaki aliyepangwa kwa vijiwe vya rangi, ila hana mkia. Mwongozaji wetu alisema mkia uliishia mifukoni mwa mahujaji. Alipogeuka tu, Mama Neema, mzee wetu wa kanisa, akachokonoa jicho la yule samaki kwa ufunguo, akalitia mkononi mwangu.

"Ficha kwenye begi. Wewe una sura ya sala, hawatakukagua."

"Hapana, mama. Huu ni wizi."

"Wizi! Na bibi yako anayekasubiri hako kajiwe nimwambieje?"

"Nitamwandikia mwenyewe."

Ndiyo kadi hii, Bibi. Sikuletei jiwe. Ukikasirika nitavumilia, lakini kanisa letu halitaanza na kitu cha kuiba. Nakupenda sana, na usiache dawa zako za presha.

Nilipiga magoti, nikalirudisha jicho kwenye tundu lake na kulikandamiza kwa kidole gumba. Kisha nikapanda basi, nikakaa pembeni ya Mama Neema, nikampa nusu ya mkate wangu.

Mjukuu wako,
Eliza