Bunduki ya Mashoto

Jumatano jioni, kambi ya vijana

Bunduki zote mbili zina komeo la kuingizia risasi upande wa kulia. Nilizigeuzageuza mezani kama mtu anayechagua mihogo, kisha nikajikaza. "Afande, samahani, ya mashoto haipo?"

Foleni nzima ikacheka. Tangu nimalize skuli sijasema mbele ya watu wengi hivyo.

"Mwanangu, hii bunduki, si kiatu," akasema Afande Khamis. "Chukua moja. Ukikosa tena leo, unarudi jikoni."

Siku mbili nimelenga kwa bega la kulia, nikapiga kichuguu tu. Leo nikaiweka bega la kushoto, nikawa napitisha mkono wa kushoto juu yake kuvuta komeo. Risasi tatu, zote kwenye shabaha!

Afande akanyoosha mkono nimrudishie. Nilikuwa nimeishika kwa kushoto, na Mama hakunilea kumpa mkubwa kitu kwa mkono huo. Nikaigeuza haraka ili nimpe kwa kulia, mtutu ukapita ukimwelekea kifuani. Akajitupa kifudifudi vumbini. Risasi zilikwisha, lakini...

Akainuka, akajipangusa. "Jikoni huendi. Ila kesho unipe kwa kushoto, Zuhura. Radhi nimeshakupa."

Mama sijui nitamwelezaje.