Mnara wa Babu Yako

Mjukuu wangu Nasra,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Ibra, Omani, sote wazima, ila mama yako anavuna tende na kulilalamikia joto.

Umeniuliza uchore nini katika mashindano yenu ya mnara wa kumbukumbu huko Ulaya. Mimi si mchoraji, nitakuhadithia tu.

Tulipokuwa Kuwait, maarusi bado, babu yako, aliyekuwa akichora ramani za majengo, aliingia mashindano kama hayo, ya kuwakumbuka waliopotea baharini. Wenzake ofisini walichora minara ya zege mirefu, imenyooka kama sindano. Yeye akachora ukuta mfupi na baraza ndefu mbele yake, basi.

Nikamuuliza, "Mnara wenyewe uko wapi?"

Akanijibu bila ya kuinua kalamu, "Mwenye msiba hatazami juu. Hutafuta pa kukaa."

Hakushinda. Michoro ikarejeshwa, ikatiwa sandukuni.

Alipofariki, nami nimo ndani ya eda, niliwachungulia dirishani wanaume waliokuja kuhani msiba. Walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye baraza yetu, na hakuna aliyetaka kuondoka. Nikauona mnara wake.

Allah akufungulie mkono.

Bibi yako, Zuwena