Viatu vya Masika Ndani ya Gunia la Maharage

Masika, mtoto wangu wa kwanza,

Viatu vyako viko hapa mkekani. Vile vya turubai, vya jeshi, ambavyo mume wako alikuletea kutoka kambini Kasese. Havikubebwa na mbwa. Nilivificha mimi, mama yako.

Haya, nimesema. Na kalamu imesimama. Shule mimi niliiona kwa nje tu, kwa hiyo anayeandika ni binti yako Biira, na yeye alikuwa hajui. Ananitazama kwa macho yako yale yale. Andika, Biira. Andika ninavyosema, usinipambe.

Masika, unakumbuka watu wa engozi, chama chetu cha kubeba wagonjwa, walivyokubeba mara ya kwanza, kwenye ile machela yetu ya fito, kutoka hapa Karambi mpaka hospitali kule Bwera? Miguu imevimba kama mitungi, pumzi haitoshi. Mvua, utelezi, wanaume wakipokezana mabega kilima chote. Ukapewa dawa, maji yakatoka mwilini, ukarudi kwa miguu yako. Figo hazikupona, lakini ulirudi. Na nesi alikuambia: kila asubuhi tembea haraka, mpaka jasho litoke lakini bado uweze kuongea. Ulinieleza nikipepeta maharage. Ulisema figo zikiugua, askari wa damu, wale wanaopigana na magonjwa, wanakuwa wazembe. Mwili ukitembea, wanaamka kidogo. Nikakuuliza, "Askari wa nani? Mume wako anakufundisha gwaride sasa?" Ukacheka mpaka ukakaa chini.

Ukawa unashuka na kupanda kati ya mikahawa kila asubuhi. Uso wako ulianza kurudi. Niliona. Sitadanganya kwamba sikuona.

Lakini watu wa engozi nao waliona. Mmoja akasema dukani, mimi nimesimama pale pale: "Huyu mugonjwa gani iko nakimbia kama rikruti? Na sisi tulibeba!" Wakacheka wote. Mwingine akasema safari ijayo utashuka mwenyewe. Masika, unajua tunavyoishi huku juu. Gari haifiki. Mtu aliyekataliwa na engozi anafia kitandani kwake. Nilirudi nyumbani. Nikaona heri ulale, watu wapite waone mgonjwa ni mgonjwa. Nikachukua viatu, nikavisukuma chini kabisa ya gunia la maharage ya mbegu.

Uliuliza. Nikasema mbwa. "Mama, mbwa gani anavaa namba saba?" Siku mbili ulitembea peku, ukajikata kidole. Nikakufokea: "Lala! Mgonjwa analala!" Ukanitii. Mtu mzima, mama wa mtu, ukanitii. Hilo ndilo linalonila.

Ulilala mpaka maharage ya shambani yakakomaa. Mapaja yako yakawa kama fimbo. Kisha kikohozi kikaingia kijijini. Mimi nilikohoa, Biira akakohoa, hata yule mcheshi wa dukani akakohoa. Tukaamka wote. Wewe kifua kikajaa. Na watu wa engozi walikuja, Masika. Walikuja mbio, bila neno. Wangekuja hata kama ungekuwa unakimbia kila siku ya Mungu. Mdomo wao ni mdomo tu. Safari ile hawakupokezana hata mara moja. Ulikuwa mwepesi.

Baada ya mazishi nilimfuata nesi. Nikamuuliza bila kuzunguka: nilimuua? Akasema, "Bibi, sijui. Kutembea hakuponyi figo, na kifua kile kinaua hata wenye nguvu. Lakini kulala kule kulimlegeza." Sikumshukuru. Nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Sasa sikia kwa nini nakuandikia leo. Juzi nesi huyo huyo alipima mkojo wa Biira. Una kasoro ile ile yako, ila imeonekana mapema. Amepewa dawa, na ameambiwa atembee. Leo asubuhi akaniuliza kwa upole, "Bibi, vile viatu vya mama viliishia wapi?" Ulimi ulikuwa tayari kusema mbwa. Nikaona nikidanganya mara ya pili, nitazika mara ya pili.

Barua hii ilipofika kwenye gunia, aliweka kalamu akatoka nje. Nimemngoja mpaka chai imepoa. Amerudi. Hajanikumbatia, hajasema amenisamehe, na mimi sijaomba. Amekaa, amechukua kalamu, amesema tu, "Endelea, bibi." Viatu amevivaa. Vinamtosha.

Masika, sitakuambia ulale salama. Neno hilo nilikuharibia. Huko uliko, mtoto wangu, tembea. Tembea utokwe jasho.

Kesho asubuhi nitashuka na Biira mpaka dukani, mimi na mkongojo wangu, yeye na viatu vyako, tupite katikati yao. Atakayecheka atanijibu mimi, na mdomo wangu unaujua. Nitawaambia kwa nini anatembea. Nitawaambia pia nani alificha viatu. Na kama siku moja wataona mtu anayetembea si wa kubebwa, wanikatae mimi kwanza, nitateremka kilima kwa makalio.

Viatu hivi sitavigusa tena, isipokuwa kuvifuta matope.

Mama yako, aliyekulaza.