Mji Uliokaa Juu ya Chumvi

Solniki, 8 Agosti 1977

Mdogo wangu Irek,

Habari za Gdynia, na kifua chako kinaendeleaje? Mimi ni mzima. Baba naye mzima, ila goti lake bado linamtabiria mvua. Sungura wake wamezaa tena.

Nakuandikia kwa sababu redioni hawasemi neno. Maji yameingia mgodini. Wachimbaji wote wametoka salama, namshukuru Mungu, lakini unaujua mji wetu ulivyokaa. Kanisa, shule, stesheni, sote tuko juu ya ile chumvi, na chini yetu ni mashimo yanayochimbwa tangu Baba akiwa mtoto. Sasa maji yanaila chumvi. Barabara ya stesheni imepasuka katikati, na nyumba ya kina Kubiak imeinama kama mlevi. Ule ufa wa jikoni kwetu, juzi kisu kilikuwa kinapita. Leo mkono unaingia.

Serikali inataka mtaa wetu wote uhame. Baba kakataa. Askari alimwambia, "Mzee, ardhi hii haikutaki tena." Baba akamjibu, "Mwaka wa arobaini Wajerumani walinitoa humu kwenye theluji, wakamlaza mtu wao kitandani mwangu. Vita vilipokwisha nikarudi kwa miguu. Leo nitolewe na maji?" Akaenda zake kuwakatia sungura majani.

Nifanyeje, Irek? Usiku nalala na viatu miguuni.

Dada yako,
Honorata


Gdynia, 13 Agosti 1977

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu, mimi sijambo. Kifua kimetulia, usikihofie. Barua yako niliisoma kazini, nusura nyundo iniangukie mguuni.

Usibishane naye. Wewe na Baba ni mafahali wawili, na zizi lenyewe ndilo hilo linazama! Mwambie ni wiki mbili tu, mpaka maji yavutwe kwa pampu. Abebe nguo za kubadilisha, basi. Akishafika huko atazoea. Kama ni dhambi, niachie mimi, nitaungama kwa padri wa huku. Ni kiziwi.

Mimi siwezi kuja. Hapa hakuna likizo mpaka meli hii tunayoiunda iteremke majini.

Mdogo wako,
Irek


Wągrowiec, 29 Agosti 1977

Mdogo wangu,

U hali gani? Sisi afya tunayo.

Nilimwambia kama ulivyosema, naye akaniamini. Ndilo linaloniuma, aliniamini mara moja. Alichukua mashati mawili na wembe. Picha ya Mama akaiacha ukutani. "Atalinda nyumba," alisema. Sungura akamwachia jirani wa mtaa wa juu, akamweleza kila mmoja anapenda nini.

Huku Wągrowiec tumepewa chumba na jiko ghorofa ya nne. Anakaa dirishani na koti lake, kama mtu aliye stesheni. Kila asubuhi ananiuliza, "Honorata, pampu zimefikia wapi?" Namjibu zinafanya kazi.

Irek, nyumba haipo. Imezama Ijumaa, pamoja na ya kina Kubiak. Kubiak mwenyewe alikuja kunieleza, nikamzuia ngazini asiingie ndani. Mwandikie Baba wewe. Mimi kila nikifungua mdomo namwona anavyonyoa ndevu, akijiandaa kurudi.

Dada yako,
Honorata


Gdynia, 10 Septemba 1977

Dada mpendwa,

Natumaini hamjambo. Nimewatumia samaki wa kopo na soksi za sufu za Baba.

Kuhusu lile jambo, nimeanza barua tatu, zote nimezichana. Habari kama hiyo haiandikwi, inasemwa ana kwa ana. Nitakuja Krismasi, nimwambie mwenyewe. Mshikilie mpaka hapo.

Mdogo wako,
Irek


Wągrowiec, 2 Oktoba 1977

Irek,

Hujambo? Samaki wamefika. Baba mwili wake hauna neno.

Hakuingoja Krismasi. Jumanne nilirudi kutoka sokoni nikakuta kiti kitupu. Nilijua alikokwenda, nikapanda basi la mchana. Nilimkuta Solniki, mbele ya seng'enge, kofia mkononi. Pale palipokuwa na uwanja wetu ni maji, ya kijani, na ncha ya mplamu imechomoza katikati na majani yake.

Hakugeuka. Akaniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Tangu siku tuliyotoka?"

"Siku ile nilijua haturudi."

Kisha akasema, taratibu kabisa, wala hakufoka, "Mjerumani alinipa nusu saa. Nilizunguka vyumba vyote, nikagusa kuta, nikaaga. Wewe umeninyima hata hiyo."

Tulirudi kwa basi moja, viti mbalimbali.

Sikumtajia jina lako. Maneno ya wiki mbili nimeyabeba kama yangu, na usije ukamwambia vingine. Mtoto mmoja aliyemdanganya anamtosha. Ila njoo, usingoje sikukuu. Kaa naye, muongee habari za meli, mimi nitakuwa jikoni.

Siku nne hakunisemesha. Jana mezani alionja, akaweka kijiko chini, akasema, "Supu imepoa." Hakuniita jina wala hakunitazama, lakini tulikuwa wawili tu mezani.

Niliipasha moto.

Dada yako,
Honorata