Umeuliza Habari za Kazi

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Hujambo? Mama hajambo na magoti yake? Mimi mzima, ila huku ofisini wananibana na mahesabu yao, nisikuchoshe bure. Habari za kazi? Kiwandani wanawapa hata nafasi ya kupumua?

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua kukiwa na baridi, lakini ulimi hauna ugonjwa, anauliza utaoa lini. Kazi usiseme. Pale tunapofungasha prosesa za kompyuta hatulali: malori mawili kila siku, zamu za ziada mpaka Jumamosi. Mgongo wangu sasa ni wa bibi kizee. Ila wameniahidi usimamizi wa zamu, kwa hiyo navumilia. Kula vizuri.

Dada yako

2 Mei

Wewe,

Salamu kaombe kwingine. Leo meneja kaniita, akaniwekea mezani taarifa ya kampuni yenu ya hisa. "Malori mawili kila siku, zamu za ziada mpaka Jumamosi." Maneno yangu, hata mkato hukuhamisha. Chini yake jina la baba yetu, umelisaini wewe.

Kumbe ndiyo kazi yako, kukisia kiwanda chetu kitapata faida gani mwakani: prosesa zitakazouzwa, mara bei, toa gharama, matajiri wakimbilie hisa. Nimefukuzwa kwa kutoa siri. Siri gani? Umeniuliza habari za kazi, nikakujibu kama mtu aliyelelewa.

Na bado umekosea. Malori hayo yalikuwa yanaleta. Wateja walirudisha mzigo, tukawa tunaufungua na kuupanga upya. Ungeniuliza wazi ningekukatalia, tukabaki ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo niliifua mimi, nikaipiga pasi, ukaivaa kwenda shule.

Dada yako

9 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini hasira imepoa kidogo. Nimelia, amini usiamini. Sikufikiria wangekutambua. Nitakuwa nakutumia chochote kila mwezi mpaka upate kazi. Bosi anataka nirekebishe makadirio kabla ya Ijumaa, la sivyo na mimi natoka. Mama anaendeleaje?

Halafu dada, zile zilizorudishwa, zilikuwa kama nusu ya mzigo, au zaidi?

Mdogo wako

20 Mei

Marahaba.

Mimi mzima. Mama mzima, magoti yale yale. Alitaka nimsomee barua yako. Nilipofika swali lako la mwisho nikaikunja. Akaniambia niendelee, nikaendelea. Akauliza, "Zilizorudishwa nini?" Ikabidi nimweleze yote, kuanzia barua ya kwanza.

Akaniacha nimalize kuosha vyombo. Ndipo akaniita, akasema nikuandikie hivi: mlango uko wazi, chochote chako usitume. Ukija, tuamkie, ukae, ule. Ila habari zetu usituulize.

Dada yako